Wiki Kati ya Miti ya Seattle: Shajara ya Safari ya Kujifunza Kuongoza Bustani ya Chuo

Jumapili

Tumefika Seattle mchana huu kwa kupitia Doha, mimi na msimamizi wa kitalu cha chuo chetu, ambaye alikuwa akitunza miche tangu kabla sijaanza kufundisha, na ambaye kwa heshima ya umri wake nitamwita katika shajara hii kwa jina tunalomwita sote kazini: Mzee. Chuo kimetukabidhi kazi ya kuandaa kituo cha kilimo cha bustani cha mjini pamoja na bustani ya miti itakayokuwa wazi kwa umma, nami nimeteuliwa kukiongoza. Tumekuja huku kwa sababu Chuo Kikuu cha Washington kina vyote viwili: Kituo cha Kilimo cha Bustani cha Mjini kilichoanzishwa mwaka 1980, na Washington Park Arboretum, bustani ya miti yenye ukubwa wa hekta zipatazo 93, iliyozaliwa kwa makubaliano ya mwaka 1934 kati ya chuo na Jiji la Seattle. Tangu mwaka 2005 viwili hivyo vinaendeshwa chini ya jina moja la Bustani za Mimea za Chuo Kikuu cha Washington. Vinatazamana kutoka pande mbili za Ghuba ya Union, katika Ziwa Washington, na mtu anaweza kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu.

Hatukuja kujifunza kupanda miti, maana hilo Mzee analijua kuliko wengi. Swali lililonileta ni jingine. Anayeongoza mahali kama hapa ameikuta miti mikubwa ikiwa imepandwa na watu asiowajua, na ile anayoipanda yeye ataiacha ikiwa bado michanga. Sasa yeye mwenyewe anaongoza kitu gani hasa?

Jumatatu

Mvua nyembamba ilianza alfajiri na haikukatika. Huku mvua hunyesha zaidi kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, kisha Julai na Agosti ardhi hukauka kabisa, na kwa hiyo miche hupandwa wakati wa baridi ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Mzee aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu nasi husubiri masika kwa hesabu hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba mvua ya huku huja na baridi.

Siku nzima tulikuwa upande wa kituo. Jengo kuu linaitwa Merrill Hall, na ndani yake ipo maktaba ya Elisabeth C. Miller, ambayo vitabu vyake vya bustani vinasomwa na mtu yeyote anayeingia, awe mwanafunzi au mama aliyekuja kuuliza kwa nini majani ya mmea wake wa dirishani yanageuka manjano. Nilikaa karibu na meza ya mkutubi kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Swali la mwananchi lilipokelewa kwa uzito uleule wa swali la mtafiti: mkutubi aliuliza mmea upo wapi, unapata mwanga kiasi gani, unamwagiliwa mara ngapi, kisha akaenda rafuni. Katika vyuo vingi ninavyovifahamu, umma huonekana usoni pa chuo siku ya maonyesho tu. Hapa meza ile ndiyo mlango, na ninaamini kiongozi wa kituo cha namna hii anapaswa kuilinda katika bajeti kabla ya kulinda ofisi yake mwenyewe.

Jengo tulilokuwamo lina historia chungu. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 2001 Merrill Hall ya awali ilichomwa moto kwa makusudi na watu wa kundi lililojiita Earth Liberation Front, waliodhani kwamba mtafiti mmoja wa vinasaba vya mipopla alikuwa akitengeneza miti iliyobadilishwa vinasaba, jambo ambalo halikuwa kweli. Moto haukuchagua. Uliteketeza ofisi za watu wasiohusika na mipopla, maktaba ikaharibiwa kwa moshi na maji, na miche ya Hackelia venusta, mmea adimu ambao kwa asili huota katika jimbo hili la Washington pekee, ikapotea pamoja na vingine. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2005.

Mzee alisimama kimya mbele ya ukuta kwa muda, kisha akaniuliza, "Daktari, daftari letu la kitalu lipo wapi sasa hivi?"

"Lipo ofisini kwako, Mzee wangu."

"Lipo moja tu."

Hakuongeza neno. Daftari hilo lina kumbukumbu za kila tuta la miche tangu kitalu kilipoanza, na nakala yake haipo popote. Usiku huu nimeandika ujumbe kwa msaidizi wake aanze kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Katika kituo hichohicho kuna ghala la mbegu za mimea adimu ya jimbo. Mbegu hukaushwa polepole mpaka unyevu wake ushuke, hufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kisha hugandishwa. Zinatokana na kazi ya mradi unaotumia watu wa kujitolea waliofunzwa kwenda milimani na nyikani kuhesabu mimea adimu pale inapoota, na kukusanya sehemu ndogo ya mbegu bila kudhoofisha kundi lenyewe. Nimelipenda wazo hilo kwa sababu linaufanya mji uwe na wajibu kwa mimea isiyo ya mjini. Kituo cha bustani cha mjini kinaweza kwa urahisi kugeuka mahali pa maua ya kupamba tu; ghala hili linakizuia kisifike huko.

Jumanne

Nyuma ya kituo kuna eneo la hekta zipatazo 30 linaloitwa Union Bay Natural Area, nalo ndilo lililonifikirisha kuliko yote mpaka sasa.

Mwaka 1916, mfereji wa meli ulipounganisha Ziwa Washington na bahari, kina cha ziwa kilishuka kwa karibu mita 2.7, na sehemu iliyokuwa chini ya maji ikabaki kuwa kinamasi cha udongo wa mboji. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1966 kinamasi hicho kilifanywa dampo la jiji. Takataka za nyumba za Seattle zilimwagwa hapo kwa miaka 40, kisha zikafunikwa kwa udongo, na chuo kikabaki na ardhi ambayo hakuna aliyeweza kujenga ghorofa juu yake, kwa kuwa chini inaendelea kutitia na gesi ya methani inaendelea kutoka.

Leo ni mbuga ya nyasi na vidimbwi, na zaidi ya aina 200 za ndege zimeonekana humo. Tulimkuta korongo mkubwa wa kijivu amesimama katika maji ya kina kifupi, na ndege weusi wenye bega jekundu wakiimba juu ya matete. Mzee hakutazama ndege sana. Alichuchumaa kando ya njia mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbuliwa na mnyama mdogo, akachukua kidogo kwa vidole, akausugua na kuunusa.

"Huu ni udongo wa kufunikia tu," alisema. "Mfinyanzi mtupu. Mti wa mizizi mirefu hapa utafika mahali utakwama."

Ndivyo ilivyo. Wanafunzi wa urejeshaji wa mazingira hulitumia eneo hili kama darasa mwaka baada ya mwaka, na katika viwanja vyao vya majaribio mtu anaweza kuona kwa macho vipi vilivyofaulu na vipi vilivyokufa. Kuna vichaka vya asili vilivyoshika vizuri, na kuna mahali ambapo miti imedumaa, majani machache kileleni. Hakuna aliyeficha viwanja vilivyoshindwa. Naona ni jambo zuri, kwa kuwa mwanafunzi anayeoneshwa ushindi peke yake hujifunza kuomba fedha zaidi kuliko kutunza ardhi.

Nina sababu ya kuandika haya kwa kirefu. Eneo ambalo chuo chetu kimependekezewa na halmashauri kwa ajili ya bustani ya miti lilikuwa machimbo ya kokoto, na baadhi ya wenzangu wanataka tulikatae tudai eneo bora. Nami kabla ya safari nilielekea kukubaliana nao. Leo nimeona kwamba ardhi iliyochoka ndiyo ambayo mji humwachia mtunza bustani mara nyingi, na kwamba ukiikubali huku ukisema wazi nini kitaota na nini hakitaota, unapata darasa ambalo shamba zuri haliwezi kukupa. Sharti ni uwazi huo. Kiongozi akiwaahidi watu msitu juu ya dampo, baada ya miaka michache hataaminiwa tena.

Jumatano

Leo tumevuka kwenda kwenye bustani yenyewe ya miti. Kiingilio hakuna; mtu huingia na mbwa wake, na kigari cha mtoto, na viatu vya kukimbilia. Bustani ya Kijapani peke yake, iliyosanifiwa na Juki Iida na kufunguliwa mwaka 1960, ndiyo yenye uzio na tiketi, nayo husimamiwa na idara ya jiji.

Mgeni akiingia huona msitu mzuri. Mivinje hakuna, wala mikangazi; ni misonobari, mierezi ya huku, miti ya jamii ya Acer, mialoni, magnolia zilizokwisha kuchanua kabla ya kutoa majani. Lakini kilichotufanya tusimame kila hatua chache ni kibao kidogo cha chuma kinachoning'inia kwenye tawi au kimefungwa kwenye shina. Mzee alikigeuza kimoja kwa uangalifu ili nisome. Kina jina la kisayansi, kina jamii ya mmea, kina namba. Namba hiyo ndiyo moyo wa jambo: sehemu moja ni ya mfuatano wa mimea iliyopokelewa, sehemu nyingine ni tarakimu mbili za mwaka, na mwisho ni herufi inayotofautisha mmea huu na ndugu zake waliotoka katika mbegu za mfuko mmoja. Waya wa kibao ulikuwa umeachwa umelegea ili shina linaponenepa lisikabwe. Mzee aliuvuta taratibu, akaangalia nafasi iliyobaki, akaniambia kwamba aliyefunga hapa anajua mti unakua.

Namba hiyo humpeleka mtu kwenye kanzidata, na huko hukuta mbegu ilitoka wapi, nani aliileta, ilipandwa lini na mahali gani kwenye ramani iliyogawanywa kwa miraba, kila mraba ukiwa na jina lake. Mti unapokufa, namba yake haipewi mwingine. Huandikwa umekufa lini na kwa sababu gani, na kumbukumbu hubaki. Hili ndilo linalotenganisha bustani ya miti na bustani ya kupumzikia. Mti usio na kumbukumbu bado hutoa kivuli na bado ni mzuri, lakini mtafiti hawezi kuutumia, kwa kuwa hajui kama mzazi wake aliishi mlimani kwenye theluji au bondeni kwenye joto.

Mfano mmoja ulio hai upo hapahapa. Brian Mulligan, aliyeongoza bustani hii tangu mwaka 1946 hadi 1972, aligundua kwamba mche mmoja kati ya miche ya Mahonia iliyotokana na mbegu za kutoka bustani ya San Francisco haukufanana na wenzake. Ulikuwa chotara. Kwa kuwa chanzo cha mbegu kilikuwa kimeandikwa, iliwezekana kufuatilia wazazi, na mmea huo ukapewa jina la 'Arthur Menzies', mtu aliyehusika na mbegu hizo, ukaenea katika bustani za watu. Huchanua maua ya manjano katikati ya majira ya baridi, na ndege wavumao hufuata asali yake wakati ambapo maua mengine ni machache. Bila daftari, mche ule ungekuwa mche wa ajabu tu, na pengine ungeng'olewa.

Jioni tulibishana kidogo, mimi na Mzee. Nilimwambia kwamba nafasi ya kwanza ya ajira nitakayoomba kwa chuo ni ya mtunza kumbukumbu za mimea. Yeye alisema, "Daktari, kumbukumbu hazimwagilii. Tupe kwanza watu watatu wa jembe na bomba." Nilimjibu kwamba tukipanda miaka mitatu bila kumbukumbu, hatutaweza kurudi nyuma kuandika. Tumelala bila kuafikiana.

Alhamisi

Siku ya makubaliano na barabara.

Ardhi ya bustani hii ni mali ya jiji. Mimea iliyokusanywa husimamiwa na chuo. Fedha nyingi za nyongeza pamoja na watu wa kujitolea huletwa na wakfu wa wananchi ulioundwa mwaka 1935, mwaka mmoja baada ya mkataba. Pande hizo hukutana katika kamati ambayo ndani yake pia yumo mjumbe wa gavana wa jimbo. Nyasi kando ya njia inaweza kukatwa na mfanyakazi wa jiji, na mti ulio mita mbili kutoka hapo ukapogolewa na mfanyakazi wa chuo, na kitanda cha maua kinachofuata kikapaliliwa na bibi aliyestaafu ambaye halipwi na yeyote. Kwa msimamizi asiye na subira mpangilio huu ni maumivu ya kichwa. Ila umedumu tangu 1934, na nadhani umedumu kwa sababu hakuna upande mmoja unaoweza kuiuza bustani au kuitelekeza bila wengine kusimama.

Ramani ya kwanza ilichorwa mwaka 1936 na kampuni ya Olmsted Brothers kwa mkono wa James Dawson, na wafanyakazi wa mpango wa serikali wa kupambana na ukosefu wa ajira, enzi za mdororo mkuu wa uchumi, ndio waliochimba na kupanda. Njia pana ya nyasi iitwayo Azalea Way, ambayo leo imepambwa kwa micheri na azalea, mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa mahali pa kukimbizia farasi. Tuliitembea yote. Micheri michache ya mwanzo ilikuwa imefungua.

Kaskazini mwa bustani sauti hubadilika. Barabara kuu namba 520, ambayo daraja lake la kwanza la kuelea lilifunguliwa mwaka 1963, hupita juu ya kinamasi na kukatiza Kisiwa cha Foster, mahali ambapo Waduwamish, wenyeji wa asili wa ufuo huu, walizika wafu wao. Nilisimama chini ya daraja na Mzee akavua kofia. Magari hayakuacha kuunguruma juu yetu, na huwezi kuzungumza na mtu aliye karibu bila kupaza sauti.

Ilibakia kidogo tu hali iwe mbaya zaidi. Katika miaka ya 1960 ilipangwa barabara nyingine kuu, R. H. Thomson Expressway, ipite ndani ya bustani yenyewe. Wananchi waliandamana, wakaandika, wakaenda mahakamani na kwenye vikao, na mwaka 1972 wapiga kura wakaukataa mpango huo. Vipande vya zege vilivyokuwa vimejengwa tayari kuipokea barabara hiyo vilibaki vikining'inia hewani juu ya maji kwa miongo mingi, na vijana wakavitumia kurukia ziwani wakati wa kiangazi. Daraja la 520 lilipojengwa upya katika miaka ya karibuni, fedha za kufidia athari zake kwa bustani ndizo zilizolipia njia mpya ya mzunguko tuliyoitembea leo, laini kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu.

Nimelitafakari hili sana. Fidia hiyo haikuja yenyewe. Mtu fulani katika ofisi ya bustani alisoma taarifa za athari za mazingira zenye kurasa nyingi mno, akahesabu miti, akaonesha ramani ya miraba yenye namba za mimea iliyo njiani, akakaa kwenye vikao ambavyo ajenda yake ilikuwa nguzo na lami. Msimamizi wa bustani ya miti mjini, kwa maoni yangu, lazima ajue sheria za barabara, mabomba na mipaka ya viwanja sawasawa na anavyojua magonjwa ya majani. Hapo ndipo nilipopata jibu la nusu kwa Mzee: ramani ya kumbukumbu ndiyo iliyowapa watu hawa cha kuweka mezani. Nilimwambia. Alisema atafikiri.

Ijumaa

Leo tulitembea katika bustani ya majira ya baridi iliyopewa jina la Joseph Witt. Tulichelewa kwa maua yake mengi, ila magome yalibaki: Acer griseum lenye gome la rangi ya mdalasini linalobambuka kwa vipande vyembamba kama karatasi, na mwanga mdogo wa asubuhi ukipita katikati ya vipande hivyo.

Mazungumzo ya siku yalikuwa juu ya mimea vamizi. Sarah Reichard, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani hizi mpaka alipofariki Agosti 2016 akiwa Afrika Kusini katika safari ya mimea aliyoiongoza, alijenga jina lake la kitaaluma katika swali hili: je, mtu anaweza kutabiri mti upi wa kigeni utatoroka bustanini kabla haujapandwa? Alionesha kwamba tabia za mmea, kama vile kukomaa mapema na historia ya kuvamia mahali pengine, husaidia kutabiri. Naona kuna ujasiri katika hilo, kwa kuwa bustani za miti ni miongoni mwa milango ambayo wavamizi wameingilia. Msituni kandokando ya mji huu huota Ilex aquifolium na Prunus laurocerasus zilizotoka bustanini, mbegu zake zikipelekwa na ndege.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuona mfano. Pale Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pande zote za dunia. Mmoja wao ulikuwa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu msituni, na katika maeneo yaliyokuwa yamekatwa miti ukashika kwa nguvu mpaka leo. Mzee amefanya kazi Amani ujanani mwake, na ndiye aliyetoa mfano huo kwa wenyeji wetu, nikimtafsiria. Walimuuliza maswali mengi. Alieleza jinsi mche wake unavyokimbilia mwanga, unavyoangusha matawi ya chini, na jinsi kuung'oa ukiwa mdogo kunavyochukua dakika moja na ukiwa mkubwa kunavyochukua siku na watu wanne. Nilijivunia kuwa naye.

Tuligusa pia joto. Tarehe 28 Juni 2021 kipimo cha Seattle kilifika nyuzi joto 42, jambo lisilowahi kurekodiwa hapo kabla, na mierezi ya asili ya hapa imekuwa ikidhoofika kwa ukame wa kiangazi. Uchaguzi wa miti ya kupanda sasa unapaswa kuangalia hali ya hewa ya miaka 50 ijayo, na bustani yenye kumbukumbu za miti kutoka sehemu nyingi za dunia ina ushahidi wa kuanzia. Ila mti unaovumilia ukame na kukomaa upesi ndio huohuo unaoweza kutoroka. Hakuna kanuni itakayomwondolea kiongozi kazi ya kuamua mti kwa mti.

Jumamosi

Asubuhi tulijiunga na kikundi cha kujitolea kilichokuwa kikiondoa Hedera helix, mtambaazi unaopanda juu ya miti mpaka uzito wake uiangushe. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: mtambaazi hukatwa pande zote za shina kwa urefu wa kifua, sehemu ya chini ikavutwa kutoka kwenye gome na ardhini, na ya juu ikaachwa ikauke ilipo, kwa kuwa ukiivuta inaweza kukuangushia tawi kichwani. Kulikuwa na watoto wa shule, wazee, na mhandisi mmoja aliyesema huja mara kwa mara kwa sababu kazini kwake haoni mwisho wa kitu chochote. Mzee alitumia msumeno mdogo kwa ustadi ambao uliwafanya wengine wasimame watazame.

Kilichonivutia ni maandalizi. Glavu za saizi zote zilikuwa zimepangwa, zana zilikuwa zimenolewa, mipaka ya eneo ilikuwa imewekwa vitambaa ili mtu asing'oe mmea wa asili, na mwishoni eneo lililosafishwa lilipimwa na kuandikwa. Nimeona kampeni nyingi za kupanda miti ambazo watu huja kwa mamia, wakapiga picha, wakaacha miche ikifa kwa kiu. Watu hawa walikuwa wachache na watarudi mahali palepale.

Alasiri tulikwenda kwenye uwanja wa kati wa chuo, uitwao Quad, ambako micheri mikubwa ya Kijapani ilikuwa imechanua yote kwa pamoja na watu hawakuweza kuhesabika. Micheri hiyo ilikuwa katika bustani ya miti hapo awali. Ilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati barabara ya 520 ilipohitaji nafasi, ikiwa tayari imekomaa. Wengi wanaopiga picha chini yake huenda hawajui kwamba wanatazama miti iliyookolewa. Mzee alipita akikagua mashina badala ya maua, akanionesha magome yaliyopasuka kwa uzee na mahali palipokuwa pamepogolewa kwa uangalifu.

"Hii imekwisha kuzeeka," alisema. "Lazima wawe wamechukua vipandikizi."

Mti uliopandwa kwa mbegu zake hautatoa ua lilelile. Anayetaka kuuendeleza kama ulivyo lazima achukue kijiti na kukiunga juu ya shina lingine, na lazima ajue kwa hakika ametoa kijiti hicho kwenye mti upi. Nilimtazama. Alicheka, akasema, "Sawa, Daktari. Mtunza kumbukumbu kwanza. Lakini ajue kushika jembe."

Usiku huu tumeandika pamoja rasimu ya makubaliano tutakayoipeleka kwa Makamu Mkuu wa Chuo na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Ardhi ya machimbo itabaki mali ya halmashauri, na chuo kitakuwa na dhamana ya mimea yote itakayoandikishwa. Kila mmea utapata namba siku unapoingia kitaluni, kabla haujashushwa shimoni, na kumbukumbu zitahifadhiwa mahali pawili, moja ikiwa nje ya majengo ya chuo. Hakuna mmea wa kigeni utakaopandwa bila kupimwa hatari ya kutoroka. Mwananchi ataingia bure, na kutakuwa na meza ya maswali itakayofunguliwa kabla jengo la ofisi halijaanza kujengwa. Njia yoyote ya barabara, bomba au umeme itakayopitishwa katika eneo hilo italipiwa fidia ndani ya eneo hilohilo. Mzee ameongeza kifungu cha kisima na matangi, pamoja na watu watatu wa jembe, nami nimekiweka juu ya kifungu cha ajira yangu mwenyewe.